Kibao cha Falafeli cha Fundi Wadii

Muharram Bek, Iskandaria
15 Februari 1987

Kwa binti yangu Irini,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai u mzima na kifua chako kimeshalizoea vumbi la Kairo. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu sana; goti linamsumbua kwenye ngazi, lakini ulimi wake hauna maumivu yoyote. Jirani wa juu anakusalimu, na paka wake pia, maana huyo mama hamsahau paka.

Nina habari kubwa, kwa hiyo kaa kitako. Kile kibao cha duka alichokitundika babu yako Bishara kimekwisha. Jua na chumvi ya bahari vimekila mpaka wageni wanaingia kuuliza kama hapa pananyolewa nywele. Nimemwagiza Fangari, mwandishi wa vibao, anitengenezee kipya cha mita nne, herufi za dhahabu: HAPA NDIPO LILIPOZALIWA JINA LA FALAFELI. Kitafunuliwa Jumatatu ya Shamu Nasimu, siku ambayo mji mzima uko nje unakula samaki wa chumvi na vitunguu. Kasisi wetu, Abuna Sidarusi, amekubali kuja kubariki.

Hadithi unaijua tangu ukiwa kwenye nepi. Watawa wa jangwani, kwaresima, hakuna nyama, hakuna yai, hakuna maziwa, wakasaga maharage mapana na majani, wakakaanga, wakakiita kwa Kikopti cha kanisani “chenye maharage mengi”. Babu yako alilipata jina hilo kwa mtawa mmoja, akawa wa kwanza kuliandika mlangoni hapa Iskandaria. Sasa Haji Badrawi, muuza falafeli mwenzangu wa ng’ambo ya barabara, ambaye unajua miaka thelathini ananikalia kooni, alisimama juzi mbele ya wateja wangu akasema, “Wadii, maneno matamu, karatasi iko wapi?” Nikamjibu, “Karatasi ninayo, tena ina miguu miwili, iko chuo kikuu Kairo inafundisha Kikopti.” Ungeiona sura yake ungecheka wiki nzima.

Basi niandikie ukurasa mmoja, na muhuri wa chuo chini. Abuna atausoma kabla ya kitambaa kuondolewa. Kwako ni kazi ya dakika kumi.

Ni mimi baba yako,
Wadii Bishara


Shubra, Kairo
24 Februari 1987

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, nakubusu mkono. Mimi mzima, kifua kimepona, na mfungo wa siku hamsini na tano tumeuanza jana salama. Mama mwambie ile chupa ya zeituni ilifika bila kuvunjika, na kwamba goti alipake mafuta ya moto aache ubishi.

Kibao cha mita nne! Baba, duka lenyewe lina mita tatu na nusu. Au nusu mita inayobaki itaning’inia mbele ya kinyozi wa jirani?

Nimefurahi umenikumbuka kwenye jambo hili, na nitaanza kutafuta kesho. Ila dakika kumi hazitoshi. Mimi ni mwalimu msaidizi mwaka wa kwanza. Nikiweka jina langu kwenye ukurasa, wazee wa idara wataugeuza juu chini kuona kama umeshonwa vizuri. Nipe wiki tatu. Na tafadhali, tafadhali, usimruhusu Fangari achovye brashi kabla hujapata barua yangu.

Hapa Shubra ninakula kila asubuhi kwa mama mmoja mwenye karai kubwa kuliko lako. Najua, najua. Nilimwambia, “Nipe falafeli nne,” akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni akasema, “Wewe wa Iskandaria, eh? Hapa tunauza taamia.” Nikazila hivyo hivyo. Nilikuwa na Mwanakhamis, rafiki yangu wa bwenini anayetoka Unguja. Yeye alitafuna moja, akafumba macho, akasema, “Mnasumbuka bure na majina, hizi ni bajia.”

Binti yako,
Irini


Muharram Bek
8 Machi 1987

Irini mwanangu,

Salamu, na afya ninakuombea kila nikiwasha moto. Sisi wazima. Duka limejaa, maana wafungaji wote wa parokia wanakula kwangu. Wengine wanakula kwa Haji, siwezi kusema uongo. Kila mwaka anatenga karai moja la wafungaji ambalo halijawahi kuguswa na samaki, na ukijaribu kulisogelea na yai anakufukuza na koleo. Mtu mzuri. Ila kichwa chake kigumu kama nazi.

Fangari ameshachovya. Utanisamehe, dhahabu ilikuwa imeshakorogwa, ingekauka. Kibao kiko nyuma ya duka kimefunikwa shuka la mama yako, na kila anayekuja kununua anaomba kuchungulia. Hilo taamia lako silitaki kulisikia kwenye nyumba hii. Mtu anayekiita chakula “kachakula kadogo” hana heshima na tumbo lake.

Nakueleza ujue nilipofika: nimewaambia watu. Nimemwambia mwenye duka la vitambaa, nimemwambia daktari wa meno, nimesema kanisani baada ya misa mbele ya wanaume wote, kwamba binti yangu ataleta karatasi. Nimejipiga kifua, Irini. Sitaki kusema nakulazimisha, lakini kama karatasi haikuja, Jumatatu ile nitasimama mbele ya mtaa wote bila nguo.

Wala usiwe na wasiwasi kuhusu ukweli. Nina miaka arobaini kwenye karai. Falafeli yangu naijua kama kiganja cha mkono wangu. Hakuna kilichomo nisichokijua.

Baba yako


Shubra
20 Machi 1987

Baba mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa, na siyo mbele ya wateja.

Nimetafuta. Nimepekua kamusi zote tulizo nazo. Nimesoma barua za watawa, sheria za mifungo, orodha za ghala za nyumba za watawa, nani alipewa mafuta, nani dengu, nani siki. Maharage yamo, tena tele, na neno la Kikopti la maharage lipo. Lakini jina falafeli sikuliona hata mara moja. Ile “chenye maharage mengi” ni maneno ambayo watu wameyaunganisha baadaye wakaona yanapendeza. Hakuna mtawa aliyeyaandika. Kila ninapolikuta jina lenyewe, ni kwenye maandishi ya juzijuzi tu, karibu na enzi za babu wa babu.

Wengi wanaochunguza maneno wanaelekea kwenye pilipili. Filfili ni pilipili, wingi wake ni falafili, na neno hilo Waarabu walilichukua kwa Waajemi, na Waajemi nao walilipata upande wa Bara Hindi pamoja na mzigo wenyewe. Nilipomweleza Mwanakhamis aliruka kitandani: “Basi hata pilipili yetu imetoka huko huko! Mimi na babako ndugu!” Hilo nalo halijathibitishwa kwa uhakika, baba. Ukiniuliza, nitakujibu kwamba pilipili ndiyo njia yenye nyayo nyingi zaidi. Zaidi ya hapo hatujui.

Kwa hiyo siwezi kuandika ukurasa ule. Nimekesha siku tatu, siyo kwa sababu sijui la kusema, ila kwa sababu najua umeshawaambia watu. Inaniuma. Wewe ndiye uliyenipeleka shule ya Kikopti kwa Abuna wakati wasichana wenzangu wanafundishwa kushona, na Haji Badrawi mwenyewe alikucheka. Nikitia sahihi jambo nisilolijua, nitakuwa nimeitupa ile miaka yote uliyonisindikiza kwa tramu.

Futa sentensi ile, baba. Falafeli yako ni nzuri bila kuzaliwa popote.

Binti yako anayekupenda,
Irini


Muharram Bek
25 Machi 1987

Irini,

Barua imefika. Sote wazima.

Pilipili! Miaka arobaini, mwalimu, miaka arobaini sijawahi kutia punje moja ya pilipili, baba yangu hakutia, na mtu akitaka ukali kuna chupa mezani. Nieleze kwa akili yako ya chuo kikuu, kitu kitaitwaje kwa jina la kitu ambacho hakimo ndani yake? Mimi sijui Kiajemi. Najua kilichomo kwenye karai langu.

Sentensi haifutwi. Nitasimama bila karatasi, na wakicheka wacheke. Pasaka ukija nyumbani, njoo kama binti. Huyo mwalimu mwache Kairo.

Baba yako


Shubra
5 Aprili 1987

Baba yangu,

Salamu. Siku kumi na moja sijaona barua, na najua kalamu unayo, maana mwenyewe nilikuletea. Natumai u mzima. Mimi mzima wa mwili.

Sitakuja nusu. Binti na mwalimu wanalala kitanda kimoja, wanavaa viatu vile vile, nikimwacha mmoja Kairo sijui nani atapanda treni. Nitakuja Jumamosi ya Pasaka, wote wawili, na kama hutaki kuongea nami nitakula kimya kimya, mimi pamoja na hasira zako.

Sasa nikujibu. Kwanza, hoja yako haina miguu. Jina linaweza kubaki wakati kitu kimeshaondoka, na kitu kinaweza kuwamo bila kuwa chanzo cha jina. Hata ungekuwa na gunia zima la pilipili ndani, isingekuwa ushahidi. Hilo ni la mwalimu.

La pili ni la binti, na nimefikiria sana kabla ya kuliandika. Unasema unakijua kilichomo kwenye karai lako. Baba, ninakuheshimu: unakijua kikishafika kwenye karai. Asubuhi unasimama chini ya dirisha la jikoni, unapiga mluzi, ndoo inashuka kwa kamba na kitambaa kibichi juu yake, unaipokea, unaanza kukaanga. Bibi alikuwa akikoroga mlango umefungwa, na alipofariki mama akaufunga vile vile. Mara ya mwisho kuingia jikoni mle wakati wa kukoroga ilikuwa lini?

Mimi nimeingia. Nilipofikisha miaka saba bibi alinikalisha na kinu kidogo, na kabla hajanipa mchi aliniapisha kwa Bikira kwamba sitamwambia mwanamume yeyote tunachotwanga. Kiapo changu bado nakishika. Lakini bibi hakuniapisha nisikuambie kwamba ngazi za kwetu ni thelathini na mbili tu, na wewe huna ugonjwa wa goti.

Irini


Muharram Bek
12 Aprili 1987, Jumapili ya Matawi

Irini mwanangu, mama yangu,

Salamu nyingi, nyingi, nyingi. Nimeanza barua hii mara mbili nikachana. Sote tuko salama, ingawa mimi bado napata nafuu kutokana na yale nitakayokusimulia.

Barua yako ilinichemsha damu. Nikasema, thubutu, mtoto huyu nitamwonyesha. Na kwa kuwa mimi sifanyi mambo nusunusu, jana baada ya misa ya Lazaro nilimshika mkono Abuna Sidarusi, nikavuka barabara nikamshika na Haji Badrawi akiwa bado na aproni, nikawaambia, “Twendeni juu. Nyinyi ni mashahidi. Leo suala la pilipili linakwisha.” Haji akasema, “Mimi jikoni kwa mkeo nakwenda kufanya nini?” Nikamwambia, “Kunyamaza.” Tukapanda.

Nikafungua ule mlango. Sijawahi kuufungua saa ya kukoroga, wala baba yangu hakuwahi. Mama yako alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, mikono ya kijani mpaka viwikoni. Hakushtuka. Alifunika nywele vizuri kwa ajili ya wageni, akasema, “Mnatafuta nini jikoni kwangu?”

Nikajikohoza. Nikasema, “Mama Irini, waambie hawa mashahidi unatia nini.”

Akaanza kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa darasani: maharage yaliyolowekwa usiku, tena yasagwe mabichi, anayechemsha ni mpumbavu. Kitunguu majani. Kotimiri. Kitunguu saumu. Bizari nyembamba. Chumvi. Mimi namtazama Haji kwa jicho la ushindi, nimeshaanza hata kutabasamu. Mama yako akapangusa mikono, akanyoosha mkono nyuma ya mtungi, akatoa kopo, akasema, “Na hii pilipili manga.”

Nikasema, “Tangu lini?”

“Tangu niolewe. Mama yako ndiye aliyenifundisha.”

“Na kabla yako?”

“Kabla yangu alikuwa anatwanga yeye. Na kabla yake mkwe wake.”

“Miaka arobaini, mwanamke! Mbona hukuniambia?”

Akasema, “Uliwahi kuuliza?”

Haji Badrawi alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Machozi yalimtoka, anapiga paja, anasema, “Kama kiganja cha mkono wake! Kama kiganja cha mkono wake!” Nilitamani sakafu ifunguke. Mama yako akamgeukia. “Na wewe Haji unacheka nini? Mkeo anatia mara mbili ya yangu. Tunanunua pamoja kila Jumatano, kwa muuza viungo mmoja.”

Kicheko kilikatika papo hapo. Abuna aliomba radhi akatoka kwenye ngazi, akasema anaona kizunguzungu, lakini tulimsikia akicheka.

Tulishuka sisi wawili kama watu waliotoka kuzika. Haji akanishika bega. Akasema, “Wadii, sisi tunauza nini hasa?” Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui. Tukanywa chai, mara ya kwanza kwenye meza moja tangu mazishi ya mama yangu.

Sasa nikwambie la moyoni, maana kwa mdomo sitaweza. Alipoondoka nilikaa peke yangu nikaitoa barua yako ya tarehe ishirini. Mara ya kwanza niliisoma kwa hasira, nikaruka mistari. Safari hii niliisoma yote. Nikaona kwamba nimeapa kanisani, mbele ya wanaume wote, juu ya kitu kilichokuwa juu ya kichwa changu kila asubuhi na sikuwahi kupanda kukitazama. Na wewe uliyepekua makamusi yote hayo, ukasema hujui, na hukutaka kuapa. Nikaona haya, mwanangu. Niliona haya sana. Nilikutaka utie jina lako kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe nimelisikia tu kwa baba, naye kwa baba yake, nani ajuaye nani aliyelianza. Nisamehe na ile barua fupi. Ile sikuiandika mimi, iliandikwa na kibao.

Fangari amekikwangua kibao. Alilia kwa ajili ya dhahabu yake, nikamwacha alie. Limebaki neno moja tu, FALAFELI, na chini yake: Mkono wa Mama Irini, karai la Wadii. Mama yako alipoona alisema herufi za jina lake ziko chini kidogo kuliko zangu. Fangari amerudi na kamba kupima upya. Kibao kimekatwa nusu mita pia, usiseme sikusikii.

Leo baada ya misa, watu wamejaa dukani wangali na matawi ya mitende mikononi, daktari wa meno akaniuliza mbele ya wote, “Fundi, ile karatasi ya binti imekuja?” Wakasogea wote kusikiliza, Haji naye amevuka barabara makusudi. Nikasema imekuja. Nikapanda juu ya kiti nikaisoma, barua yako nzima, watawa, dengu na siki, Waajemi, na yule dada wa Unguja aliyeruka kitandani, mpaka pale unaposema hatujui. Lile la tramu nililiruka, nikarudi nikalisoma.

Mwenye duka la vitambaa akasema, “Alaa! Lakini miaka yote hii umetuambia ni watawa! Leo unatuambia pengine ni pilipili, na hata hilo hamna uhakika. Nani kasema?”

Nikamwambia, “Kasema binti yangu. Na anayebisha apande treni aende Kairo akabishane naye, nauli natoa mimi.”

Hakuna aliyejitokeza. Haji peke yake alisema angekwenda, lakini ana kazi.

Jumamosi njoo na treni ya asubuhi. Nitakuwa stesheni. Walete wote wawili, binti na mwalimu, na huyo mdogo wangu wa Unguja kama ana nafasi, aje aonje bajia zetu.

Ni mimi baba yako,
Wadii